Nimehesabiwa Badala Yako

Mji wa Madaraja
(jina lake halisi siwezi kuliandika, hata kulitamka ni lazima umtemee mate jirani)
Tarehe 3 Juni

Dada,

Salamu hizi zikukute hapo mapokezini umepanga foleni na wenzako kama mbuzi wanaosubiri kuogeshwa dawa ya kupe. Usinune. Utani wangu niliufungasha kabla ya mswaki.

Nimefika salama, peke yangu, bila kuongozwa na msichana mwenye mwavuli. Bado naikumbuka siku ile ofisini kwa wale watu wa safari za makundi. Wewe umekaa mbele ya meza, kalamu mkononi, viti vyetu viwili vimeshatengwa, nami nikauliza swali moja la kistaarabu: "Mtu akitaka kujisaidia njiani?" Yule bwana akajibu, "Kuna vituo vilivyopangwa, mzee." Vilivyopangwa! Yaani kibofu changu kifuate ratiba! Mimi niliyeendesha lori maisha yangu yote, niliyevuka mipaka ambayo wengine wanaiona kwenye ramani tu, leo niendeshwe na kijana ambaye nilipoanza kushika usukani hata baba yake alikuwa bado ananyonya? Nikakwambia, "Dada, inuka twende zetu, dunia ninaijua." Nilidhani utainuka. Ukasaini.

Haya, kila ndege na bawa lake. Wewe na kundi, mimi na miguu yangu. Nimekutangulia siku moja tu, na kama njia zetu zinafanana ni kwa sababu nchi yenyewe ni moja, si kwa sababu nakufuata.

Chumba changu kina roshani inayotazama mto. Mwenye nyumba ya wageni, mama mmoja mkarimu, amenikalisha mezani kwake na kunimiminia supu kana kwamba nimezaliwa hapa. Lugha hainisumbui. Mimi nasema ya kwetu, yeye anasema ya kwao, tukifika kwenye kicheko tunakutana.

Simu nimeiacha nyumbani makusudi. Tuandikiane kama enzi za lori, nilipokuwa nakutumia barua kwa madereva wenzangu. Zangu nitaziacha hotelini kwenu, ratiba yenu ninayo. Za kwako mpe dereva yeyote wa basi la abiria anayekwenda mji unaofuata, aiache kwenye dirisha la vifurushi pale stendi. Nimeshajaribu. Nilimwonyesha dereva mmoja sugu za viganja vyangu, akanikumbatia mbele ya abiria wake. Madereva ni kabila moja dunia nzima.

Na lile jambo letu. Tangu mke wangu afariki, nyumba yangu inapwaya kama koti la kuazima. Wewe nawe, tangu shemeji atutoke, unaishi kwenye vyumba viwili na paka asiye na shukrani. Hamia kwangu. Siyo kwa ajili yangu, mimi nimezoea, dereva wa masafa marefu mke wake wa pili ni redio. Ni kwa ajili yako, umri hauna breki. Umesema utanijibu safari ikiisha. Sawa. Ila ujue chumba chako nimeshakipaka rangi.

Ndugu yako,
Gia Kubwa, Mtu wa Dunia


Mji wa Madaraja
Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Msichana wa mapokezi alinikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba imetoka ikulu, halafu akaona lile doa la supu.

Umechukua ratiba yangu iliyokuwa imebandikwa kwenye friji. Niliitafuta mpaka chini ya paka.

Mwavuli haunikeri hata kidogo. Ni wa manjano, kiongozi wetu anauinua, sisi tunaufuata. Nimefua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu. Mume wangu alipougua ni mimi niliyejua dawa ya asubuhi na ya jioni, na alipofariki ni mimi niliyejua viti vya msibani vimeazimwa wapi na virudishwe kwa nani. Leo mtu akiniambia "mama, panda", "mama, shuka", "mama, hapa tunakula", mwili wote unalegea kwa raha. Raha hiyo wewe huijui. Wewe ulipangiwa kila kitu na mkeo, mpaka soksi, ukadhani unajiendesha.

Wenzangu wa kundi wametoka nchi mbalimbali, na ni watu wazuri sana. Tumeshakuwa ndugu. Kuna mwalimu wa muziki na mumewe, hao hawaniachi hatua moja. Leo mezani tulicheka mpaka nikatokwa machozi.

Kiti cha pembeni yangu kiko wazi. Nimeweka mkoba. Mkoba haumfundishi dereva kazi, wala hauvuti pumzi kila breki ikikanyagwa.

Kuhusu nyumba, usinibane. Kupaka rangi chumba cha mtu ambaye hajakubali ndiyo tabia yako: unapiga honi kwanza, kutazama baadaye.

Dada yako


Mji wa Mnara
Tarehe 6 Juni

Dada,

Hiyo ya soksi umenipiga chini ya mkanda. Mkaguzi wa barabarani angekuandikia faini.

Mji huu una mnara uliopinda kidogo, mimi nikiutazama naona kabisa ni tatizo la msingi, lakini watu wanaupiga picha kana kwamba umepinda kwa ufundi. Nimekutana na bwana mmoja mwenye meli. Si mashua, meli! Tulikaa naye kwenye mkahawa mchana kutwa, ananisimulia bahari, namsimulia barabara. Alitaka nilale kwake, nikamwambia hapana, mimi nina hoteli yangu, mapazia yake mazito kama ya bungeni. Unaona sasa? Kwenye basi lenu ungempata wapi mwenye meli? Mngeshushwa, mngepigishwa picha, mngepandishwa. Msafiri wa kundi anaiona dunia kama mtu anayetazama harusi kupitia tundu la ufunguo.

Mimi nikichoka nasimama. Nikitaka kushoto nakwenda kushoto. Jana nilikwenda kushoto kutwa nzima.

Hivi asubuhi mnapewa nini hapo hotelini? Si kwamba nina njaa. Naulizia tu viwango. Mayai yapo? Kama yapo na mkoba wako una nafasi, yai la kuchemsha linasafiri vizuri, dereva anaweza kulibeba pamoja na barua. Nataka tu kulinganisha na ya kwangu.

Na huyo dereva wenu, mtazame akishuka mlima. Akishuka kwa breki tupu bila kuingiza gia nzito, shuka hapohapo utembee kwa miguu. Mwambie dereva mwenzake kasema.

Mwenzako wa mapazia mazito,
Gia Kubwa


Mji wa Mnara
Tarehe 7 Juni

Mdogo wangu,

Yai nimekutumia. Nimempa na dereva moja lake, nikaona si haki abebe asichoonja.

Dereva wetu anashuka kwa gia nzito. Ana nidhamu kuliko wewe, na haimbi.

Kundi letu linazidi kunoga. Wamegundua nina mkono usiotetemeka, basi sasa mimi ndiye mpiga picha. Kila tukishuka naletewa simu za kila mtu: "Mama, tupige na sisi." Wanasimama wawili wawili, nawapiga. Mke na mume mbele ya mnara, mke na mume mbele ya chemchemi. Nina kazi kuliko kiongozi. Yule mwalimu wa muziki ameniambia ninajua kuweka watu katikati.

Kiongozi wetu wa mwavuli amevimba jino, shavu limekuwa kama andazi. Kesho anabaki hospitalini na tutapewa kiongozi mwingine huko kwenye Mji wa Ngome.

Nikuulize. Huyo mwenye meli akishaondoka, jioni huwa unazungumza na nani?

Dada yako


Mji wa Ziwa, hotelini kwenu
Tarehe 9 Juni, jioni

Dada, Dada, Dada,

Kwanza uko salama? Wametuambia uko salama. Wamepiga simu ngomeni, mlinzi wa geti akasema kuna mama amekaa ofisini kwake, anakunywa kitu cha moto na kumkunjia bendera. Nikajua ni wewe. Nani mwingine angekuta bendera imekunjwa vibaya akashindwa kuvumilia?

Sasa naomba usome hii ukiwa umekaa.

Basi lenu limekuacha kwa sababu yangu. Mimi sikuwa mbele yenu tena. Nilibaki hapo Mji wa Ngome nikisubiri mje. Sababu nitaisema baadaye, kalamu inanikwama. Leo asubuhi nikaliona basi lenu limeegeshwa chini ya ngome, mlango wazi, dereva anafuta vioo. Nikamsalimia kidereva, nikamwonyesha viganja, akacheka, akanipa ishara niingie nijionee. Nikaingia. Nikakijua kiti chako kwa ule mtandio wako wa kijivu. Nikasema ngoja nikae nimshtue akirudi, nione anavyoruka. Kulikuwa na baridi, nikajifunika mtandio mpaka kichwani. Dada, kile kiti ni laini! Sikuwa nimelala vizuri siku kadhaa. Nikapitiwa.

Kumbe kiongozi mpya, aliyewapokea leo hiihii na hajazijua sura, akaja akahesabu vichwa. Akanikuta chini ya mtandio wako, kwenye kiti chako, nimejikunja. Akanihesabu badala yako. Hesabu ikatimia, dereva akadhani nimeshashuka, mlango ukafungwa. Na wewe uko juu ya ngome unatazama mizinga.

Niliamshwa na kona kali. Nikafumbua macho, nje milima. Nikasema nitapiga kelele. Halafu nikajiambia, labda Dada amehama kiti, amekaa na yule mwalimu wa muziki asiyemwacha hatua moja. Nikageuka. Mwalimu, niliyemjua kwa kitabu cha nota mapajani, amekaa na mumewe, wanakula karanga. Nikatazama mbele, nyuma, wewe hupo. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Dada yangu yuko wapi?" Hawakunielewa. Nikaushika mtandio wako, nikauonyesha, nikaonyesha kiti. Wakatazamana. Yule mwalimu akamuuliza mumewe kitu, mumewe akainua mabega. Kiongozi alipokuja kuelewa tulikuwa tumeshafika huku.

Nakuja kesho. Hapana, usitoke hapo. Hapana, kiongozi anasema utaletewa gari. Panda hiyo gari.

Ndugu yako


Mji wa Ngome
Tarehe 10 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa. Nimeisoma. Nimecheka mpaka mlinzi wa geti akaniletea maji, halafu nikaisoma tena.

Nilipoteremka nikakuta pale lilipokuwa basi pana mafuta kidogo yamedondoka, basi. Nilisimama nikiyatazama. Mtu wa umri wangu anajua kusimama mahali akiwa ameachwa. Nikasubiri warudi. Nikaona kila kona itawaleta. Pasipoti na hela nimejifunga kiunoni kama mama alivyotufundisha, simu na sanduku viko na nyinyi. Mlinzi akanipa kiti chake.

Gari ililetwa. Nimeirudisha.

Usiniulize kwa nini, sikujua mwenyewe mpaka nilipomwona dereva anafungua mlango na kusema "mama, panda". Mguu ukakataa.

Jana nikatafuta pa kulala. Nikaonyesha kwa mikono, nikalaza shavu kwenye kiganja, wakanielekeza kwenye nyumba ya wageni nyuma ya stendi. Mwenyewe alipoona pasipoti yangu aliichungulia, akapiga makofi, akakuigiza. Alikuigiza vizuri: kofia, kitambi, mikono inazungusha usukani. Akanipa chumba chako.

Ukuta mmoja ni jenereta. Hakuna roshani, hakuna pazia jepesi wala zito. Shuka ni la pamba iliyochoka, limegeuzwa upande likashonwa tena katikati, nimefua ya namna hiyo maelfu. Mama yule akanionyesha kwa vidole kwamba ulikuwa unakula mkate wako umekaa kitandani, mlango wazi, ili mtu akipita umwamkie. Akaniashiria hakuna aliyekuwa anapita.

Asubuhi mzee anayefagia stendi naye akakuigiza. Anasema ulimsimulia kitu kirefu sana, mchana kutwa, wewe umekaa yeye anafagia, na alikuwa anakuonea huruma kwa sababu hakuelewa hata neno. Huyo mzee ana picha ya mashua kwenye kofia yake. Nadhani mwenye meli wako wa Mnara naye alikuwa na ufagio.

Sikuandiki haya nikuaibishe. Nimekaa kwenye hicho kitanda na mkate wangu. Mlango nimeuacha wazi.

Dada yako


Mji wa Ziwa
Tarehe 11 Juni

Dada,

Umenikamata bila hata mizani ya barabarani. Mzigo umezidi, nakiri.

Hiyo ya mwenye meli nilikuwa karibu kuiamini mwenyewe. Mipaka yote niliyovuka, unajua niliona nini? Maegesho ya malori. Mlingoti, mbwa, kibanda cha forodha, mlingoti mwingine. Miji ilikuwa nyuma ya vilima, nikiona taa zake. Nikirudi nyumbani mnaniuliza "kukoje huko?", nikawajengea miji. Mke wangu alikuwa anajua. Alikuwa ananitazama tu, halafu usiku wageni wakishaondoka anasema, "Leo umeweka na bahari."

Sasa na mimi nikuambie yako, maana nimekaa kwenye kiti chako na kula kwenye meza yako.

Meza waliyokutengea hapa ni ile ya pembeni ya mlango wa jikoni. Ina kiti kimoja. Mhudumu alikuja kuondoa cha pili kabla sijakaa, kwenye orodha ya kundi wewe ni wa peke yako. Nilimwendea mwalimu wa muziki nikamwonyesha picha yako, ile ndogo ninayotembea nayo, wewe na mama. Akaitazama, akatabasamu kwa adabu, akamwita mumewe aitazame. Hawakukujua, Dada. Nikaigiza mtu anapiga picha. Hapo ndipo wote wakasema "Aaa!" na kucheka kwa furaha. Wakanionyesha simu zao. Nilizitazama moja moja, nikikutafuta. Wewe hupo hata pembeni, hata kivuli. Kila mtu yuko katikati, umewaweka vizuri sana.

Nilikwenda bafuni nikafungua maji ili nisisikike. Mijitu mizima hii, tumetoka nyumba moja, tumepanda ndege moja baada ya nyingine kuja kudanganyana kwa barua!

Mimi nilisema nisafiri peke yangu ili niwe huru. Uongo. Nilikataa basi kwa kiburi, nikadhani utaniita nyuma. Nilipofika ule mji wa kwanza nikakaa hotelini kwenu mapokezini mpaka wakaniuliza nimemfuata nani. Ndiyo sababu nilibaki Ngome. Nilitaka kukuona tu unashuka kwenye basi, nijue uko na watu.

Na kuhusu nyumba, nilikuambia ni kwa ajili yako. Sikia. Chumba tulicholala na mke wangu sijakifungua tangu mazishi. Nguo zake zimo kabatini. Nalala kwenye kochi sebuleni, redio imewashwa, ikizima najigeuza kuitafuta kama mtoto anayetafuta ziwa la mama. Ni mimi ninayeogopa, Dada. Nimepaka rangi kile chumba ili awepo mtu mwenye kukohoa upande wa pili wa ukuta.

Basi linaondoka kesho asubuhi kwenda Bandarini. Mimi nashuka na sanduku lako. Nitakaa stendi kwenye benchi la nje nikutazamie. Ukifika tutaamua pamoja: ukitaka kundi tutawafuata, ukitaka peke yetu twende peke yetu. Siulizi vituo vya kujisaidia tena.

Mdogo wako


Bandarini
Tarehe 13 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliipata Ngome kwenye dirisha la vifurushi, nikaisoma nimesimama, nikapanda basi la kuja Ziwa nikiwa nayo mkononi.

Nitakuambia nilichofanya. Nimeona nikikuficha hili tutakuwa tumerudi kulekule.

Basi liliingia stendi ya Ziwa mchana. Nilikuona kabla halijasimama. Uko kwenye benchi la nje, sanduku langu katikati ya magoti, kofia umeivua umeiweka juu yake. Ulikuwa unasimama kila basi likiingia na kuchungulia madirisha. Langu ulilichungulia. Jua lilikuwa limepiga kioo, hukuniona. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kuona kola yako imechakaa upande mmoja.

Sikushuka.

Nilishika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili. Dereva akauliza kwa ishara kama ninashuka, nikatikisa kichwa. Basi likatoka. Nimelia mpaka huku Bandarini, na kijana wa kiti cha pili akanipa chungwa akatazama pembeni.

Usidhani nimekasirika. Nilijua nikishuka utachukua sanduku, utaniambia tupite wapi, nami nitakuacha uniambie kwa sababu ya ile kola. Na kwa sababu ya ile kola ningehamia kwako. Ningekuja kukohoa upande wa pili wa ukuta mpaka mmoja wetu aache kukohoa. Nimeuguza mmoja tayari. Nikiwa juu ya ile ngome, kabla sijajua nimeachwa, palikuwa na upepo na hakuna aliyenihitaji wala kunipangia, nikakaa kwenye mzinga kama mwanamke asiye na akili. Nilikuwa mpweke, na nilikuwa sawa. Hayo mawili sikujua yanakaa pamoja. Kwenye basi nilikuwa mpweke tu.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sihamii kwako. Vyumba vyangu viwili vinanitosha, na paka ana shukrani, anazificha.

Upweke wako siwezi kuuondoa, mdogo wangu. Wangu mwenyewe ninao. Lakini hili la kabati ni kazi, na kazi ya nguo ninaijua. Wifi yangu alikuwa mtu nadhifu, asingependa gauni zake zikae na vumbi. Tukirudi, niite. Nitakuja tukunje pamoja, moja moja, unaniambia lipi alilivaa wapi, jioni narudi kwangu.

Ndege ni Jumapili. Nakaa nyumba ya wageni ya mlango wa buluu, nyuma ya soko la samaki. Ukifika kabla ya hapo, piga hodi. Nimenunua gauni la hapa, ni baya sana, usicheke kabla sijacheka mimi.

Dada yako


Mji wa Ziwa
Tarehe 14 Juni

Dada,

Dereva aliyeniletea barua yako alinitafuta benchini, alidhani nimekufa, nilivyokaa.

Nimeisoma. Nilikasirika, sikufichi. Nilisimama nikalipiga teke sanduku lako, halafu nikalifuta vumbi. Nilikuwa nimeliona hilo basi. Nilikuwa nimelichungulia na kusema, hapa hayumo. Nimekaa nikilifikiria hilo mpaka mchana. Umepita mbele ya pua yangu ukinililia, na mimi nachungulia!

Lakini nimekusikia. Nimerudia ile sehemu ya mzinga mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Sina la kubisha. Kama ni barabara, umenipita na una haki, na mimi nimewasha taa kukuruhusu.

Nitafika Bandarini kesho. Nitapiga hodi, nitakukabidhi sanduku, na kama hutaki mtu siku hiyo nitakwenda kulala kwingine, kwa kweli safari hii, si kwa hadithi. Gauni lako sitalicheka. Nitalitazama kidogo.

Tukirudi nyumbani, njoo kama ulivyosema. Ila usije asubuhi sana. Nataka nikufungulie mlango wa nje, halafu nikaufungue ule wa chumbani mwenyewe, bila kusaidiwa. Ukinikuta nimesimama nje ya mlango huo mkono uko kwenye kitasa, usinisukume, usiniambie kitu. Kaa hapo kwenye kiti uvue viatu. Nitafungua.

Mdogo wako